Nguo Isiyokwisha Kushonwa

Ukuta kati ya nyumba yangu na nyumba ya Karomat ni wa udongo, mmoja kwa wote wawili, na sauti hupenya kama maji kwenye kitambaa. Ndiyo maana nasema ninayoyajua. Watu wa mtaa wetu wakikwambia kwamba Sanobar, mkaza mwana wa Karomat, alirukwa na akili kwa sababu ya kusoma sana, waulize wao walikuwa wapi. Mimi nilikuwa hapa, macho nimeyatoa, nasikiliza ufagio wake.

Hapa Margilani, mji wetu wa hariri, mkaza mwana ndiye wa kwanza kuamka. Hunyunyiza maji vumbi litulie, hufagia ua wote, kisha hufungua lango akafagia na njia mpaka inapoanzia ya jirani. Jua likimkuta hajamaliza, mtaa mzima unajua, na mama mkwe wake hana pa kuweka uso. Nami nimefagia hivyo miaka mingi, alfajiri nafagia, mchana nafuma hariri kiwandani, kwa hiyo habari za ufagio sielezwi na mtu. Ufagio wa mvivu hurukaruka. Wa mwenye hasira hukwaruza. Wa Sanobar, alipoletwa kuolewa na Ilhom, ulikwenda kama mtu anayechana nywele za mtoto. Nilimwambia Karomat siku ileile, "Shoga, umeokota lulu."

"Lulu bado hatujaona chai yake," akanijibu.

Karomat ndivyo alivyo. Ulimi wake hauna likizo.

Sanobar alikuwa mwalimu wa hesabu. Shule yetu ina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na yeye alifundisha zote mbili kwa sababu walimu wa hesabu hawapatikani. Akirudi nyumbani anakuta watoto wa masomo ya ziada wamekaa uani na madaftari yao wanamngoja. Huku anawaeleza sehemu na desimali, huku anakanda unga, huku Karomat anaita chai. Na chai ya kwetu si ya kumimina tu ukaondoka. Unaimimina kwenye bakuli, unairudisha kwenye birika, tena na tena mpaka ikolee, ndipo unampa mkubwa kwa mkono mmoja, na mwingine umeuweka kifuani. Mumewe Ilhom alikuwa Urusi anajenga maghorofa. Mwaka mmoja anarudi, mwaka mwingine harudi. Chumbani ulitundikwa mkate aliouuma siku ya kuondoka. Kila nyumba yenye mtu safarini ina mkate wa namna hiyo: msafiri anauma kipande, unaobaki unatundikwa ukutani, unamngoja aje aumalize. Mkate wa Ilhom ulikuwa umekauka kama kigae.

Alikuwapo Oydin, binti yao, bado mdogo wa kushika sketi ya mama yake kila aendako. Na alikuwapo Muattar, dada mdogo wa Ilhom, msichana mzuri, mvivu kidogo, anayengoja kuposwa. Hao ndio watu wa nyumba ile. Wote walikula kwa mikono ya Sanobar, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya. Nalisema mapema. Ukitafuta shetani katika habari hii utachoka bure.

Basi alfajiri moja, wakati uchumaji wa pamba unakwisha na baridi inaanza, nikasikia ufagio umeganda mahali pamoja. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, hausogei. Nikavaa koti langu nikatoka langoni. Nikamkuta ameinama njiani, anafagia pahali padogo panapotosha sinia, udongo umeshachimbika.

"Sanobar?"

Ufagio ukaenda, ukarudi.

"We Sanobar! Unachimba kisima?"

Akashtuka. "Shikamoo bibi Hojar. Kuna doa hapa, linanikatalia."

Nikatazama. Hapakuwa na doa. Nikamnyang'anya ufagio, nikaona viganja vyake vimechubuka.

"Hulali, mwanangu?"

"Nalala, bibi. Nalala vizuri tu. Ila nikilala nasikia kengele ya shule." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Moyo unapiga kama unataka kutoka. Jana nimesimama mbele ya darasa na chaki mkononi, hesabu ya watoto wadogo, ya kuzidisha, ikanipotea. Nimesimama tu. Watoto wakadhani nawatega, wakaanza kunyoosha vidole."

Akacheka. Kicheko kile sikukipenda.

Nilimwambia Karomat, na Karomat si jiwe. Alimpeleka kwa mama mmoja anayeondoa jicho la husuda. Yule mama akampangusa Sanobar kwa mkate wa moto na majivu, akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka, akasema jicho lilikuwa kubwa, jicho la mwanamke mwenzake wa kazini. Akaamuru alale siku nzima, asiguse maji wala moto. Na kweli Sanobar alipata nafuu. Mimi kwa ninavyoona dawa ilikuwa ile kulala. Lakini nani amlaze kila siku? Wiki haikwisha, ufagio ukarudi kuganda.

Kazini kwake kulikuwa na mwalimu mwenzake aliyewahi kupita njia hiyohiyo. Huyo ndiye aliyemnong'oneza habari za Bi Tsoy. Ni Mkorea wa hapahapa kwetu, anasema lugha yetu kama muuza matikiti, na kazi yake ni kusikiliza watu waliolemewa na mambo. Chumba chake kiko mjini Fergana, juu ya duka la fundi cherehani, unapanda kwa ngazi za nje. Sanobar aliniambia habari hiyo huku amenishika mkono, ananiapisha nisiseme.

"Anachoma sindano?" nikamuuliza.

"Hachomi."

"Anatoa vidonge?"

"Hatoi, bibi. Anakaa. Nami nakaa. Naongea."

"Na analipwa kwa hilo?"

"Analipwa."

"Ebo! Mimi nimesikiliza watu umri wangu wote, hakuna aliyenipa hata yai."

Hapo Sanobar akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti changu, na safari hii kicheko kilikuwa chake mwenyewe.

Wanawake wote waliopanda ngazi zile walikuwa na neno moja la kusema nyumbani: nakwenda kupimwa nguo kwa fundi. Fundi mwenyewe alijua, na hakuwa na shida nao. Sanobar naye akamwambia Karomat anashonesha nguo. Kila siku yake ya mapumziko anapanda basi, anakwenda kupimwa.

Nilimuuliza wanaongea nini huko juu. Akasema, "Siku ya kwanza aliniuliza, leo umekula nini? Nikafikiri, bibi. Nikakumbuka nilichowapa wote, mmoja mmoja, hata paka. Changu sikukikumbuka. Nikaanza kulia kwa sababu ya swali la chakula. Ni aibu, sivyo?"

Bi Tsoy alimfundisha vitu vidogo. Chai yake ainywe ameketi. Moyo ukianza mbio avute pumzi taratibu, aangalie kitu kimoja mpaka utulie. Na aombe msaada, kitu kimoja tu, kwa sauti. Sanobar akaenda kumwomba Muattar aoshe vyombo vya jioni.

"Mimi, wifi?" nikamsikia Muattar. "Na kucha zangu hizi?"

"Sahani haziumi, wifi."

"Zinauma! Zina mafuta ya kondoo."

Lakini akaosha. Akawa anaosha huku anaimba, sauti mbaya kweli, na Karomat ananung'unika kwamba atavunja birika. Mimi nimelala upande wangu nasikia, nikasema nyumba hii sasa inapumua. Ufagio nao ukaanza kutembea tena, lango mpaka njiani, njiani mpaka mpakani kwangu. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa safarini amerudi.

Karomat si mjinga. Siku moja tunachambua zabibu kavu pamoja, sisi watatu, akamwambia Sanobar, "Hebu niambie, mkwe wangu, hiyo nguo inashonwa na buibui? Tangu majani yadondoke unapimwa tu. Umenenepa mara ngapi?"

Sanobar akawa mwekundu. Mimi nikaingilia. "Fundi anangoja kitambaa. Kitambaa nimeahidi mimi, na bado sijakitoa sandukuni."

Nikaenda nikakitoa. Hariri ya atlasi, ya rangi ya komamanga na manjano, kipande cha mwisho nilichokifuma kwa mkono wangu kabla macho hayajagoma. Nilikuwa nimekiweka, sijui nimemwekea nani. Nikampa Sanobar mbele ya mama mkwe wake, na kando nikamwambia, "Mwambie fundi ashone polepole."

Ndipo wakaja washenga wa Muattar.

Walitoka Rishtoni, kwenye ukoo wa wafinyanzi, watu wa maana, bakuli zao ziko mpaka kwangu. Karomat alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Mchumba mmoja alishawahi kugeuka nyuma, na Muattar umri ulikuwa unaanza kusemwa. Sasa washenga wa kwetu hawamwulizi mwenye nyumba. Kwa mwenye nyumba wanakula halua na kusifia mazulia. Ukweli wanautafuta kwa majirani. Kwa hiyo nikajua watakuja kwangu, nikachemsha chai.

Alikuja Bi Holida mwenye meno ya dhahabu, na mwenzake aliyekuwa akitikisa kichwa tu. Wakauliza habari za Muattar. Nikasema ni msichana msafi, ana moyo mweupe, akiimba mzibe masikio. Wakacheka. Kisha Bi Holida akaweka bakuli chini.

"Dada Hojar, tumesikia mkaza mwana wao anapanda kwa yule Mkorea wa Fergana."

"Anakwenda kushonesha nguo. Kitambaa nimetoa mimi."

"Fundi yuko chini, dada. Yeye ameonekana juu."

Mtu anayejua tayari hadanganyiki, mnachezeana tu. Nikasema, "Haya, yuko juu. Anafundisha zamu mbili, anapika, anafua, anafagia, mume hayupo. Anakwenda kupumzisha kichwa. Wewe chako hakijawahi kuuma?"

"Kuuma si neno. Tunachouliza ni kama jambo hili ni la damu."

"Sanobar ameolewa tu hapa, ni mtu wa Beshariki! Ana damu gani na Muattar?"

"Hana. Ila nyumba inayompeleka mkaza mwana kwa watu wa kichwa, binti aliyelelewa humo naye tumtazame vipi?" Akainuka, akanishukuru kwa chai, akasema nzuri sana. Wakaondoka.

Rishtoni pakawa kimya. Siku zikapita, hakuna aliyerudi na jibu. Muattar akaacha kuimba.

Nikamsikia Karomat kupitia ukutani, mchana mweupe, hakujali kwamba nasikia. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alikuwa analia.

"Nimekuomba nini mimi tangu uingie nyumba hii? Nilikuomba mtoto wa kiume? Niliuliza mshahara wako? Sema."

"Hukuniomba, mama."

"Basi leo nakuomba. Usipande ngazi zile mpaka Muattar aolewe na kufunuliwa uso nyumbani kwa mumewe. Ni miezi michache. Nitawatumia habari kwamba ilikuwa nguo tu, na sasa imekwisha."

"Mama, kule ndiko ninakopumulia."

"Utapumulia hapa. Hewa ipo."

Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na nikajua Karomat amepanda juu yake. Alishusha mkate wa Ilhom ukutani. Akamshikisha Sanobar mkate ule mikononi, mkate wenye alama ya meno ya mumewe, akamwambia aape kwa huo. Kisha Sanobar akaapa. Nilimsikia akiubusu.

Watu wengine huapa kwa mdomo, wakienda chooni wamesahau. Sanobar hakuwa mtu wa hivyo, na kiapo cha mkate hapa kwetu hakina mchezo. Washenga wakarudi, wakaumega mkate wa uchumba na Karomat, harusi ikapangwa iwe wakati miaprikoti ya kwetu, ile ya matunda madogo ya manjano, inachanua. Mtaa mzima ukapongeza.

Mimi nilimsubiri langoni alfajiri. "Nenda," nikamwambia. "Kiapo nitakikomboa mimi. Nitaoka mikate, nitagawa kwa maskini, Mungu ni mwenye kusamehe."

"Bibi, ni mkate wa Ilhom. Yuko juu ya majengo ya watu, kwenye barafu. Nikiuvunja kisha akaanguka?"

"Basi mpigie simu huyo Bi Tsoy."

"Simu ni ngazi zilezile, bibi. Niliapa kwa moyo, sikuapa kwa miguu."

Fundi akatuma habari kwamba nguo imekwisha, ikachukuliwe. Nikaenda mimi. Na kwa kuwa mimi sikuapa chochote, nikapanda ngazi zile, magoti yananilaani. Bi Tsoy ni mwanamke mfupi, kavaa viatu vya kiume, chumba chake kina viti viwili na ua moja dirishani. Nilikuwa nimejitayarisha nimpe maneno yake, mtu gani huyo anayeuza masikio. Akaniuliza, "Anakula?"

"Anawalisha," nikamjibu.

Akainamisha kichwa. Akasema, "Msimwache peke yake sana. Mkiona anazidi, mleteni, au mpelekeni hospitali, msingoje harusi. Na mwambie mlango wangu haujafungwa." Yale maneno niliyojitayarishia nikarudi nayo nyumbani.

Nikamweleza Karomat, kila neno. Akasema, "Miezi michache, shoga. Hata mimba ni ndefu kuliko hiyo."

Miaprikoti ikachanua. Babu yake bwana harusi akafa.

Harusi haichezwi juu ya kaburi bichi. Ikasogezwa. Kisha ukaingia mwezi wa kufunga, ikasogezwa. Kisha ikaja misiba mingine midogo na sababu nyingine, mara ukumbi umekodiwa, mara bwana harusi ana kazi za msimu. Kila inaposogezwa, Muattar analia chumbani na Karomat anafunga mdomo kwa kitambaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba inasogea pamoja na kiapo. Miezi michache ikawa mwaka na zaidi.

Nilimwona Sanobar akiisha mbele yangu. Wanafunzi wa uani wakapungua, kisha wakaacha kuja, wazazi wakasema mwalimu anasahihisha majibu yaliyo sahihi. Oydin alipelekwa chekechea na viatu viwili vya mguu mmoja. Ufagio sikutaka tena kuusikiliza. Ulikuwa unaganda mahali mpaka nagonga ukuta kwa fimbo, ndipo unasogea, unaganda tena.

Siku moja nimekaa kwao, Sanobar analeta chai. Akamimina kwenye bakuli, akarudisha kwenye birika. Akamimina, akarudisha. Nikaona imeshakolea. Akamimina, akarudisha. Muattar akasema, "Wifi?" Akamimina, akarudisha, macho yake yako pale pale kwenye maji. Chai ikaanza kupoa. Karomat akanyoosha mkono akamshika kifundo, taratibu, na mkono wa Sanobar ukabaki unatikisika ndani ya mkono wake, bado unataka kumimina.

Alipokwisha kwenda jikoni nikasema, "Karomat, mfungulie kiapo."

"Si mimi niliyeapa. Nitamfunguliaje?"

"Mwambie mwanao, Ilhom aseme amemsamehe."

"Nimwambie Ilhom nini, huko juu aliko? Kwamba mkewe hivi? Apoteze hatua?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Harusi iko mlangoni sasa, Hojar. Iko mlangoni. Usinivunjie sasa."

Nikamwita majina ambayo sitayarudia. Akaniita mengine. Hatukusemezana mpaka siku ya karoti.

Siku ya karoti wanawake wote wa mtaa hukusanyika kukata karoti za pilau ya harusi, chungu kwa chungu, na vicheko na matusi ya utani. Sanobar alikata kuliko wote. Visu vyetu vinachoka, chake kinakwenda, nyuzi nyembamba za urefu mmoja kama zimepimwa kwa rula. Bi Holida wa meno ya dhahabu, aliyekuja na zawadi za upande wao, akasimama kumtazama, akamwambia Karomat, "Mkaza mwana wenu dhahabu tupu." Karomat akasema ahsante. Akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

Harusi ikapita. Kesho yake tukaenda Rishtoni kwa kufunuliwa uso. Sanobar alivaa ile nguo ya atlasi, mara ya kwanza, na ilimpwaya, maana ilishonwa alipokuwa na mwili. Akapitisha sinia za chakula kama wengine. Muattar akasimama katikati ya wanawake amejifunika, akaondolewa shela, akainama kwa mama mkwe wake, akainama kwa shangazi, akainama kwa majirani, kila mtu anampa baraka. Nikageuka nimtafute Sanobar. Sinia lilikuwa chini, limewekwa vizuri kando ya mlango, na kitambaa kimekunjwa juu yake.

Alikuwa ameondoka mara tu shela ilipoinuliwa.

Yaliyofuata nimeyapata kwa fundi. Anasema aliona nguo yake mwenyewe inashuka kwenye basi kabla hajamtambua aliyeivaa. Sanobar alifika mpaka kwenye ngazi, akakaa kwenye kidato cha chini kabisa. Fundi akamwambia, "Panda mama, yupo." Akajibu, "Miguu imesahau." Fundi akaita juu. Bi Tsoy akashuka mbio, akaketi naye palepale, akamuuliza jina lake, akalisema. Akamuuliza jina la mtoto wake. Hapo Sanobar akafikiri sana. Kisha akasema, "Naomba unipe dakika, nitalikumbuka," kwa adabu, kama mwanafunzi aliyesimamishwa.

Alikaa hospitali majira yote ya baridi. Alipotoka, hakurudi kwetu. Ndugu zake walimchukua Beshariki, na Ilhom alitamka talaka kwa simu. Sijui nani alimwambia nini huko. Wazee wakakaa, wakasema mama hawezi kulea katika hali ile, mtoto abaki kwa bibi yake. Oydin akabaki.

Na Ilhom alirudi salama. Hakuanguka. Niliitwa nami kumlaki, jirani ni jirani. Mama yake akaushusha ule mkate, yeye akauloweka kwenye chai, akaumaliza wote, kama inavyotakiwa, huku Oydin amekaa mbali kidogo anamtazama kwa sababu hakumzoea. Theluji ilipoyeyuka akauma mwingine, akaenda zake. Unaning'inia palepale.

Basi alfajiri moja mwaka huu nikasikia ufagio nyuma ya ukuta. Mwepesi, wa kuanza na kuacha. Nikatoka nikamkuta Oydin njiani, ufagio umemzidi kimo, vumbi lote kajimwagia miguuni, maji hakunyunyiza.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, bibi. Bibi Karomat mgongo unamuuma. Mimi nimeamka tu."

Nikamnyang'anya ufagio, nikafagia mwenyewe sehemu yao na yangu, mzee kama nilivyo, na atakayecheka acheke. Jua lilipotoka nikaenda kwa Karomat. Alikuwa ameketi, chai mbele yake, amejimiminia mwenyewe.

"Oydin nampeleka Fergana," nikasema. "Kwa fundi. Akapimwe nguo."

Karomat anajua kwamba Sanobar hutoka Beshariki kila juma kwenda kwa Bi Tsoy. Mtaa mzima unajua.

"Nguo gani?"

"Nguo."

"Itachukua muda gani kwisha?"

"Fundi wangu ni mzito wa mkono."

Karomat akazungusha bakuli yake mezani. "Mvalishe sweta," akasema. "Kwenye zile ngazi kuna upepo."

Sasa kila juma twenda. Sanobar akishuka kutoka juu hukaa na mwanawe kwenye kidato cha chini. Amenenepa kidogo, nywele zimeingia mvi. Maneno humjia polepole na shule hajarudi. Huazima utepe wa fundi akampima Oydin mkono, bega, urefu, maana mtoto huyu anakua na yeye hayupo. Husema namba kwa sauti. Mara nyingine hukosea, mara nyingine huikosa kabisa, akabaki ameushika utepe anaukodolea macho. Oydin huinama akamnong'oneza iliyo sahihi. Sanobar huirudia kwa fundi, na fundi huiandika kwa chaki kwenye meza yake, juu ya zile za juma lililopita, kwa nguo ambayo bado hatujanunua kitambaa. Kisha basi la Margilani linapiga honi.